SOMO LA FAMILIA: TUITAFUTE NASABA YETU KWA KWELI

Maandiko ya kusoma nyumbani: Ezra 2:59-63, Ezra 6:1-2, Yeremia 32:9-14, Luka 1:1-4



Mama mmoja wa kanisa letu alikuja kwangu akilia. Alikuwa ametoka kwenye usaili. Walimwuliza jina la baba ya mama yake na kijiji alikozaliwa, naye hakujua. Wazazi wake walikufa akiwa na miaka sita. Akaniambia, "Pasta, nilikaa kimya kama mjinga. Je, mimi ni mtu asiye na watu?"

Swali lile lilinifanya niandike somo hili. Wengi wetu hapa kambini, tuliotoka Uvira, Fizi, Baraka, Minembwe na kwingineko, tuliacha nyumba zikiwa wazi. Vyeti vilibaki sandukuni, picha zilibaki ukutani. Watoto waliozaliwa hapa wanajua namba ya hema, lakini jina la babu hawalijui. Tujifunze pamoja namna ya kutafuta habari za familia kwa njia ya wazee, picha, vyeti na magazeti ya zamani. Tujifunze pia kufanya hivyo bila uongo, maana ndipo wengi tunapoanguka.

1. WATU 652 WASIO NA HATI

Israeli waliporudi kutoka uhamishoni Babeli, watu waliandikwa kwa koo zao. Lakini Ezra anatuambia kuhusu wana wa Delaya, Tobia na Nekoda, watu 652, ambao hawakuweza kuonyesha ukoo wa baba zao. Kulikuwa pia na makuhani walioitafuta orodha ya nasaba yao wasiione. Hao walizuiwa kazi ya ukuhani kwa muda, mpaka atakapopatikana kuhani wa kuuliza kwa Mungu kwa Urimu na Thumimu.

Angalieni mambo matatu hapa.

Kwanza, kukosa hati kuna hasara ya kweli. Wale makuhani walikosa nafasi yao, nasi leo tunakosa cheti cha mtoto, nafasi ya shule, shamba la baba.

Pili, jina likibadilika, hati hupotea. Mmoja wa mababu wa makuhani hao alioa binti wa Barzilai akachukua jina la ukoo wa mke. Vizazi vilipopita, wana wake hawakuonekana katika orodha. Mambo kama hayo yametupata sisi pia, nitaeleza mbele.

Tatu, wale 652 hawakufukuzwa. Walipanda pamoja na wengine kwenda Yerusalemu, na wamehesabiwa pamoja na wengine. Shikeni neno hili, tutalirudia mwishoni.

2. USHUHUDA: PICHA YA ROHERO

Nyanya yangu alivuka mpaka wa Kavimvira mwaka 2012 akiwa na vitu vitatu: kitenge alichojifunga, Biblia, na kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo mlikuwa na picha moja ya babu. Babu alikufa mwaka 1985, nami nilikuwa mtoto wa miaka miwili. Katika picha amesimama mbele ya ukuta mweupe wa nyumba kubwa yenye maua, amevaa shati jeupe. Nyuma kuna maneno kwa penseli: Usumbura, Rohero, 1957.

Usumbura ndilo jina la zamani la Bujumbura, kabla ya uhuru wa Burundi mwaka 1962. Rohero ni mtaa wa katikati ya mji, wenye maofisi na nyumba nzuri. Basi sisi wajukuu tulijivuna. Mimi mwenyewe niliwaambia vijana wa kanisa, "Babu yangu alikaa Rohero!" Binamu yangu akaenda mbele zaidi. Alisema, "Kaka, picha hii ni ushahidi. Tutafute ile nyumba, tudai kiwanja." Mwingine akasema tuiweke habari hiyo katika maelezo yetu ya usaili, ili tuonekane watu wa familia kubwa.

Mwaka 2018 nilipata kibali cha kutoka kambini kwa kazi ya kanisa, nikaenda Bujumbura. Nilitafuta siku mbili Rohero. Niliuliza katika makanisa ya pale kama wana jina la babu katika vitabu vyao. Hawakuwa nalo. Siku ya pili jioni, nimechoka, nilimwonyesha picha mzee mmoja mlinzi wa lango. Aliitazama sana, akaniuliza, "Pasta, umeiona hii ngazi?"

Nilikuwa nimeitazama picha ile miaka sita bila kuiona ngazi. Pembeni kushoto ulionekana mguu wa ngazi, na chini yake ndoo. Suruali ya babu ilikuwa na madoa meupe.

Yule mzee akaniambia, "Babu yako alipaka rangi nyumba hii. Hakulala hapa. Wakati wa Wabelgiji, Rohero ilikuwa ya Wazungu. Watu weusi walifanya kazi huku mchana, jioni wanarudi Buyenzi au Belge. Nenda ukaulize Bwiza. Bwiza ndiyo Belge ya zamani."

Niliona haya, maana nilikuwa nimehubiri habari isiyo kweli. Lakini asubuhi nilikwenda Bwiza. Katika kanisa moja mzee wa kanisa alinitolea daftari la washirika, karatasi zimekuwa za njano. Tukafungua ukurasa kwa ukurasa. Tulimpata: jina lake, jina la baba yake, kijiji chake karibu na Uvira, kazi yake mpaka rangi. Chini yake palikuwa na jina la mke, na msalaba mdogo, na mwaka 1959. Halafu jina la mtoto wa kike, aliyezaliwa 1956. Mwishoni iliandikwa kwamba baba amerudi Congo 1960.

Nyanya yangu aliolewa mwaka 1961. Kwa hiyo yule mke hakuwa nyanya, na yule mtoto sikuwahi kumsikia.

Niliporudi kambini nilikaa siku tatu bila kusema. Kisha nikamwuliza nyanya kwa heshima. Alinijibu, "Nilijua. Babu yako aliniambia kabla hajanioa. Mama yake mtoto alikufa, mtoto akabaki kwa bibi yake huko Burundi. Babu yako alitaka kwenda kumchukua. Ikaja vita ya 1964, miaka ikapita, akaona haya." Nikamwuliza kwa nini hakutuambia. Akasema, "Wewe uliniuliza picha tu. Hukuniuliza mtu."

Kwa msaada wa wazee wa lile kanisa la Bwiza tulimpata yule mtoto. Alikuwa mama wa miaka 62 katika mtaa wa Ngagara, shangazi yetu. Hakuwahi kuona sura ya baba yake tangu utoto. Nilimpelekea nakala ya picha. Aliishika muda mrefu bila kusema neno. Nyanya alipofariki mwaka 2021, shangazi alikuja kambini, akaketi mkekani pamoja na binti za marehemu.

Kiwanja cha Rohero hatukupata, wala hakikuwa chetu.

Katika Ezra 6 hati ya mfalme Koreshi ilitafutwa Babeli, lakini ikapatikana mahali pengine, katika ngome ya nchi ya Wamedi. Nami nilitafuta Rohero, nikapata Bwiza. Picha inaonyesha mahali mtu aliposimama siku moja. Alikokaa na watu wake unapaswa kuuliza kwa njia nyingine.

3. ANZA NA WALIO HAI

Ndugu msomaji, usianze na ofisi. Anza na mzee aliye karibu nawe, wiki hii, kabla hajaugua. Nenda na daftari. Mwamkie, mpelekee hata chai, usimharakishe. Usimwulize, "Babu alizaliwa mwaka gani?" Wazee wengi hawahesabu kwa miaka. Mwulize, "Ulikuwa umeota meno? Ulikuwa umeolewa? Ulikuwa na mtoto mgongoni?" kuhusu mambo ambayo tarehe zake tunazijua. Haya hapa yanaweza kukusaidia:

- Uhuru wa Congo: 30 Juni 1960.
- Uhuru wa Burundi: 1 Julai 1962.
- Maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda sana baada ya mvua kubwa: kuanzia 1962, yakafika juu kabisa 1964.
- Vita ya Mulele upande wa Uvira na Fizi: 1964.
- Mwisho wa ufalme Burundi: 28 Novemba 1966.
- Congo kuitwa Zaire: Oktoba 1971 hadi Mei 1997.
- Mauaji ya Burundi na wakimbizi wengi kuvuka kuja Uvira: kuanzia Aprili 1972.
- Noti za zaire 5 na 10 kufutwa ghafla: Desemba 1979.
- Papa Yohane Paulo wa Pili kufika Burundi: Septemba 1990.
- Kuuawa kwa Rais Ndadaye: 21 Oktoba 1993.
- Vita ya 1996 katika Kivu.

Mama mmoja alikuwa na kadi inayosema amezaliwa 1 Januari 1960. Tarehe za namna hiyo wengi tunazo, maana mwandishi akikosa siku huweka ya kwanza ya mwaka. Tulipomwuliza, alisema alikuwa amebebwa mgongoni maji ya ziwa yalipoingia nyumbani kwao. Basi huenda alizaliwa karibu na 1962. Usikimbilie kubadilisha kadi, hiyo ni kazi ya ofisi yenye utaratibu wake. Lakini andika katika daftari la familia yale aliyoyasema.

4. JINSI YA KUISOMA PICHA

Chukua picha, kaa kwenye mwanga, itazame polepole kama unavyosoma aya ya Biblia.

Tazama nyuma kwanza. Penseli, muhuri wa studio, tarehe, jina la mji. Mhuri unaosema Ruanda-Urundi ni wa kabla ya Julai 1962. Unaosema Zaire ni wa kati ya 1971 na 1997.

Tazama ukingo. Picha ndogo nyeusi na nyeupe zenye ukingo wa meno-meno zilikuwa za kawaida miaka ya 1950.

Tazama vitu vilivyo nyuma ya mtu. Bendera inasaidia sana. Bendera ya ufalme wa Burundi ilikuwa na ngoma katikati, kwa hiyo picha yenye bendera hiyo ni ya kati ya 1962 na 1966. Bendera yenye nyota tatu ilianza 1967. Majina ya barabara husaidia vilevile. Huko Bujumbura kuna barabara inayoitwa Boulevard du 28 Novembre. Jina hilo linakumbusha siku ya Jamhuri ya mwaka 1966, basi barua yenye anwani hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo.

Tazama mikono, viatu na nguo. Ndiyo yaliyonishinda mimi. Tulitazama sura ya babu kwa fahari, hatukutazama suruali yake.

Uliza nani alipiga picha, na nani hayumo. Picha ya harusi isiyo na baba wa bibi arusi ina habari ndani yake.

Kuitunza: usiandike nyuma kwa kalamu ya wino, wino hupenya. Tumia penseli laini. Usiitie katika plastiki ya moto, maana huwezi kuitoa tena. Usiigandishe kwa gundi. Iweke katika bahasha ya karatasi, mahali pakavu, mbali na moshi wa jiko. Kijana mwenye simu aipige picha mbele na nyuma, amtumie ndugu aliye mbali.

Msidhani picha ni kitu kidogo. Baada ya 1994, katika kambi za Goma na Bukavu, mashirika yalipiga picha maelfu ya watoto waliopotezana na wazazi, yakazibandika kwenye mbao ili watu wapite watazame. Wapo wazazi waliopata watoto wao kwa njia hiyo. Na mwaka 2020, tume ya ukweli na maridhiano ya Burundi ilipofukua makaburi ya pamoja huko Karusi, ilitangaza mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Baadhi walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari. Watu waliokumbuka marehemu alivaa nini ndio walioweza kusema, "Huyu ni wetu."

5. VITABU NA VYETI

Hati zilizo na habari za familia ni nyingi kuliko tunavyofikiri:

Kitabu cha ubatizo na daftari la washirika. Misheni za Kikatoliki za Muyaga na Mugera zilianza 1898 na 1899, na mapadre waliandika jina la mbatizwa, wazazi na msimamizi. Makanisa ya Kiprotestanti mengi ya Burundi yalianza miaka ya 1920 na 1930: Wabatisti kutoka Denmark 1928, Marafiki huko Kibimba 1934, Wapentekoste kutoka Sweden huko Kiremba 1935. Kama babu yako alibatizwa, uliza alibatizwa wapi na kanisa gani, usiulize nchi tu.

Kitambulisho cha zamani. Wazee wa Burundi wanakumbuka kitabu kidogo cha wakati wa Wabelgiji wanachokiita ibuku. Kiliandikwa kilima, chifu na baba wa mtu.

Karatasi za shule, za kazi, za hospitali, kadi ya chanjo, kadi ya chakula, kadi ya mpiga kura. Usitupe hata moja. Kadi ya chanjo ya mtoto imeandikwa jina la mama na siku.

Ujumbe wa Msalaba Mwekundu. Wao husaidia kutafuta ndugu waliopotezana kwa vita, bila malipo. Ukienda kwao, peleka majina kamili ya mtu, ya baba na ya mama, kijiji, na mahali alipoonekana mara ya mwisho.

Sasa angalieni matatizo mawili ya majina.

Tatizo la kwanza ni majina ya watu. Burundi ndugu wa baba mmoja na mama mmoja kila mmoja ana jina lake. Nyandwi mara nyingi ni mtoto wa saba, Minani wa nane. Bukuru na Butoyi ni mapacha, Ciza ni aliyewafuata. Ukitafuta "familia ya Minani" utapata maelfu wasio ndugu. Lazima uwe na jina la baba, la mama, na la kilima. Kwetu Congo, kuanzia 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristo. Mtu aliyebatizwa Yohana mwaka 1955 unaweza kumkuta katika hati ya 1975 bila Yohana. Kumbukeni mwana wa Barzilai.

Tatizo la pili ni majina ya mahali. Bukavu iliitwa Costermansville, Kalemie iliitwa Albertville, Lubumbashi iliitwa Elisabethville. Hata Rohero, zamani ilikuwa komini, lakini mwaka 2014 ikaingia katika komini ya Mukaza. Mwaka 2025 mikoa ya Burundi ilipunguzwa kutoka 18 hadi 5. Andika jina la zamani kama lilivyo katika hati, na karibu yake jina la sasa. Usifute la zamani.

6. MAGAZETI

Wengi hufikiri gazeti ni habari za wakubwa tu. Si kweli. Magazeti hutangaza vifo, shukrani baada ya mazishi, matokeo ya mitihani na majina ya walioteuliwa kazini. Burundi gazeti la Kirundi Ubumwe lilianza 1971, na Le Renouveau lilianza 1978. Upande wa Tanganyika, gazeti la Kiswahili Mambo Leo lilianza 1923, na ndani yake wasomaji wa vijijini waliandika barua zenye majina yao na miji yao. Warundi wengi na watu wa Congo walikwenda kufanya kazi Tanganyika, kwa hiyo msiliache.

Kabla ya kutafuta gazeti, uwe na tarehe karibu. Ukisema "niangalie magazeti ya miaka ya themanini" utachoka. Ukisema "alifariki wiki ya Pasaka 1988" utapata kwa saa moja. Kama una ndugu Ulaya, mwombe aulize pia Ubelgiji: jumba la makumbusho la Tervuren lina picha nyingi za Congo, Rwanda na Burundi za wakati wa ukoloni.

7. MAMBO YA KUANGALIA KWA MKRISTO

a) Tenga ulichoona na ulichosikia. Luka anasema alichunguza kwa makini tangu mwanzo, akawasikia walioshuhudia kwa macho. Katika daftari lako weka alama tatu: "hati" kama umeiona karatasi, "shahidi" kama aliyekuambia alikuwepo, "inasemekana" kama ni habari ya kusikia. Torati inataka mashahidi wawili au watatu, nawe usitosheke na mmoja.

b) Hati zikitofautiana, usifadhaike wala usichague ile inayokupendeza. Ezra ameandika watu 652. Nehemia 7:62, kwa koo zilezile, ameandika 642. Maandiko yametuachia hesabu zote mbili. Nawe andika zote mbili.

c) Usiuze nasaba. Hapa nasema kwa uwazi kama mchungaji wenu. Tunajua wanaoongeza mtoto wa jirani katika familia ili asafiri, na wanaomwacha mzee ili wapungue. Tunajua wanaonunua hadithi. Mtoto aliyeandikwa kwa baba asiye wake atabeba jina hilo maisha yote, na siku moja atawatafuta watu wake asiwaone. Mimi nilikaribia dhambi hiyo kwa picha ya Rohero, kwa sababu ya majivuno tu. Kama unalea yatima, sema ni yatima unayemlea. Hiyo si aibu.

d) Usifunue siri ya mtu mbele ya watu. Katika kutafuta utakuta mtoto wa nje, mama aliyetendewa jeuri wakati wa vita, ndugu aliyefungwa. Mathayo 1 haikuwaficha Tamari, Rahabu, wala mke wa Uria. Lakini ukweli wa familia una mlango wake. Nenda kwanza kwa mwenye habari, peke yenu, kama nilivyokwenda kwa nyanya. Akisema isiandikwe wakati yu hai, mheshimu.

e) Orodha isigeuzwe silaha. Katika nchi zetu karatasi zilizoandikwa kabila zimetumika kuchagua wa kuuawa, kama vitambulisho vya Rwanda mwaka 1994. Usiku wa 13 Agosti 2004, pale Gatumba, zaidi ya wakimbizi 150 wa Congo waliuawa. Andikeni majina ya wafu wetu ili wasisahauliwe, lakini msiandike ili kulisha chuki. Daftari la familia lisizunguke kambini mkononi kwa mkono.

8. CHUNGU CHA YEREMIA

Mji wa Yerusalemu ulikuwa umezingirwa, Yeremia yuko kifungoni, naye akanunua shamba. Akaandika hati mbili, moja iliyotiwa muhuri na moja wazi, mbele ya mashahidi. Akaagiza Baruku aziweke katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Yeremia alijua watu wanakwenda uhamishoni. Aliweka hati kwa ajili ya watakaorudi.

Tufanye vivyo hivyo. Kila familia iwe na nakala mbili: moja ndani ya hema katika mfuko wa plastiki uliofungwa, ndani ya kopo lenye kifuniko, ya pili kwa ndugu mahali pengine. Hema ikiungua, moja itabaki.

MWISHO

Namrudia yule mama aliyelia. Tulikaa naye jioni tatu. Alikumbuka kwamba mama yake alipompa uji alikuwa akimwita kwa jina la nyanya mzaa mama, akisema, "Kula, wewe mama yangu." Jina hilo tumeliandika, na karibu yake tumeandika: shahidi. Kijiji bado. Tumepeleka habari kwa Msalaba Mwekundu, tunangoja.

Nami nilimjibu swali lake kwa Ezra 2. Wale 652 hawakuwa na karatasi, lakini walitembea njia moja na wengine, na Mungu aliwahesabu. Wewe mama, hata kijiji kisipopatikana, una watu. Kanisa hili limekuhesabu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI CHA NYUMBANI

1. Kwa nini makuhani wa Ezra 2 walizuiwa, lakini hawakufukuzwa?
2. Ni habari gani ya familia yako unaisimulia kwa fahari bila kuwa na ushahidi?
3. Ni mzee gani hujamwuliza bado? Utakwenda siku gani?
4. Tufanye nini ukweli tulioupata unapoweza kumwumiza mtu aliye hai?

KAZI YA MWEZI HUU

Andika majina ya wazazi wako wawili, wa nyanya na babu zako wanne, na kijiji cha kila mmoja. Mahali usipojua, acha nafasi wazi. Usijaze kwa kubuni. Vijana wenye simu watakuwa kanisani Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, kusaidia kupiga picha za picha na vyeti. Njooni na watoto, wasikie.

TUOMBE

Bwana, wewe uliyetuumba unayajua majina ya baba zetu hata tuliowasahau. Tusaidie kutafuta kwa bidii, kuandika kwa kweli, na kunyamaza inapofaa. Wakumbuke walio peke yao, uwape watu. Katika jina la Yesu. Amina.

Ni mimi mchungaji wenu, mkimbizi pamoja nanyi.